Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi

Muulize mtu anayeuguza nyumbani hali yake, atakujibu hali ya mgonjwa. "Leo kaamka salama, kanywa uji kikombe kizima." Umemuuliza yeye, jibu limekwenda kitandani. Ukirudia swali atacheka kidogo, aseme "mimi nipo tu," na hapo ndipo wengi wetu tunapoaga, tukaacha sukari na sabuni mezani, tukashuka mlima kutafuta daladala.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukiutazama kwa mbali ni mwepesi: mgonjwa amelala, nyumba imefagiwa, binti yupo. Usichokiona ni hesabu inayozunguka kichwani mwa yule binti mchana kutwa. Nimemgeuza saa ngapi? Dawa ya presha imebaki ya siku ngapi? Alhamisi ya kliniki nani atanisaidia kumshusha? Kaka wa Dar atatuma, au atasema tena tungoje mwisho wa mwezi? Akikohoa vile usiku, ni mafua au chakula kimeingia njia ya hewa?

Hofu za namna hiyo haziondoki kwa kuambiwa "jikaze". Hupungua pale kila swali linapopata saa yake, mtu wake au kiasi chake. Kwa hiyo usishangae ukikuta humu magodoro na madaftari mengi kuliko maneno ya faraja.

Tuanze na usiku

Linalotangulia kumvunja anayeuguza ni usingizi kukatikakatika. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza anahitaji kugeuzwa takriban kila baada ya saa mbili, kwa sababu uzito wa mwili unaibana ngozi kati ya mfupa na godoro, damu haipiti, na nyama inaanza kufa. Vidonda vya kulala huanzia palepale siku zote: mfupa wa juu ya makalio, nyonga, visigino, viwiko, kisogo. Kutoka saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, hizo ni mara nne au tano za kuamka. Anayefanya hivyo peke yake kwa mwezi mzima ataanza kufoka, atasahau sufuria jikoni, atalia kwa jambo dogo. Watu watasema amebadilika tabia. Amekosa usingizi.

Gawanyeni usiku vipande viwili. Mmoja ashike saa nne hadi saa nane, mwingine saa nane hadi kumi na mbili. Saa nne mfululizo za usingizi zinaweza kumfaa mtu kuliko usiku mzima uliokatwakatwa. Ambaye si zamu yake alale chumba kingine, maana ukilala na mgonjwa chumba kimoja sikio halilali. Nyumba ikiwa ya chumba kimoja, mtafutieni pa kulala kwa jirani au ndugu wa karibu, hata usiku mbili tu kwa wiki. Na kama mko mmoja, yaani huna wa kupokezana naye, hizo usiku mbili ndizo za kuomba kabla ya kuomba pesa.

Bandika karatasi ukutani karibu na kitanda: saa nne chali, saa sita ubavu wa kulia, saa nane ubavu wa kushoto, saa kumi chali. Kila ukimgeuza, weka alama kwa kalamu. Ni kitu cha kitoto, lakini mtu anayeshtuka usingizini saa tisa na moyo unamwenda mbio akidhani amepitiwa, hutupa jicho ukutani, huona alama ya saa nane, hurudi kulala. Bila karatasi hubaki macho akibishana na kumbukumbu yake hadi adhana.

Ubavu wenyewe una namna yake. Usimlaze juu ya nyonga moja kwa moja. Muinue nusu tu, mto uwe nyuma ya mgongo, mwingine kati ya magoti, na mwingine chini ya mashavu ya miguu ili visigino vielee bila kugusa godoro. Upande uliopooza usivutwe kwa kushika mkono, kwani bega la mkono uliolegea hutoka mahali pake kwa urahisi, na maumivu yake hudumu miezi. Ingiza kanga iliyokunjwa mara nne chini yake, kutoka mabegani hadi mapajani, watu wawili washike pande mbili na kumsogeza kwa kanga. Mgongo wako pia unaipenda kanga hiyo. Kwa mgonjwa asiyeweza kabisa kushuka mwenyewe, kitanda kikiinuliwa kwa matofali hadi usawa wa nyonga yako hutahitaji kuinama. Mgonjwa anayehangaika na kutaka kushuka, kitanda chake kibaki chini.

Kagua ngozi kila unapomwogesha. Penye wekundu, bonyeza kwa kidole. Pasipobadilika rangi unapobonyeza, pameanza kuharibika. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo tafuta sehemu iliyokoza kuliko jirani yake, au yenye joto, au ngumu, au inayomuuma. Wengi wetu tukiona hivyo tunachukua mafuta na kusugua kwa nguvu "damu itembee". Acha. Nyama ile tayari ni dhaifu, kusugua kunaikata zaidi. Kinachohitajika ni kuondoa uzito hapo mpaka rangi irudi, na kumwonyesha mhudumu wa afya ngozi ikichubuka.

Godoro la sponji la kawaida huchoka mapema kuliko tunavyotaka kukubali. Lipime hivi: mgonjwa akiwa amelala, pitisha mkono chini ya godoro usawa wa makalio, kiganja kikitazama juu. Ukihisi mfupa wake, au sponji iliyobaki kati yenu haifiki unene wa vidole viwili, godoro limekufa hata kama linaonekana zima. Waliopata godoro la hewa lenye mota wajue umeme ukikatika linanywea, na usiku huo hesabu ya saa mbili inarudi palepale.

Mwenye demensia, ule ugonjwa wa kusahau unaowapata zaidi wazee, ana usiku wa aina nyingine. Yeye anaweza kujigeuza na kutembea, ila anaamka saa nane anataka kwenda shambani kwake, shamba ambalo pengine liliuzwa zamani. Kwa nyumba zilizo karibu na barabara au ufukwe, hofu hiyo ni ya kweli. Funga kengele ndogo mlangoni, hata ya mbuzi, ili anayelala aamshwe na mlango na si na wasiwasi. Acha taa hafifu njiani kuelekea chooni. Mchana asilale zaidi ya nusu saa, atoke juani asubuhi, na kama anatumia dawa ya kukojoza, muulizeni daktari kama inaweza kumezwa asubuhi badala ya jioni. Akitaka kwenda shambani usibishane kwamba halipo. Muulize analima nini msimu huu, mshike mkono, mrudishe taratibu.

Chakula, kwa kifupi

Wanasema mgonjwa haulizwi uji. Aliyepata kiharusi aulizwe, tena kwanza apimwe na mtaalamu kama anameza sawasawa. Akila, akae wima kabisa, kidevu kikiinama kidogo kuelekea kifuani, kijiko kiwe cha chai, na kijiko cha pili kingoje cha kwanza kimezwe. Baada ya kula abaki amekaa nusu saa. Maji matupu yanamkaba kwa urahisi kuliko uji mzito, jambo ambalo huwashangaza watu wengi. Akikohoa kila anapokunywa, sauti ikawa kama ina maji kooni, au homa ikaja siku chache baadaye, mpelekeni hospitali, kwani huenda chakula kinaingia mapafuni.

Sato ni mtamu lakini miiba yake haina huruma. Mpe minofu ya sangara iliyochambuliwa kwa vidole, au unga wa dagaa: toa vichwa, osha mchanga, kausha vizuri kwenye kikaango bila mafuta, twanga au saga, chekecha kwa chujio la chai. Kijiko kimoja cha chakula kwenye uji. Anayekula vijiko vitano na kukataa apewe mara sita kwa siku, na hiyo mara sita iandikwe. Ukiona kwenye daftari kwamba tangu asubuhi ameshakula vijiko thelathini, ile hofu ya "mama hali kabisa" inapungua makali.

Siku ya kliniki na vile vilima

Mwanza na vilima vyake vya mawe ni nzuri kwa wapiga picha. Kwa anayemuuguza mzee Mabatini, Igogo au Isamilo, kwenye nyumba iliyokaa juu ya mawe, kila kliniki ni safari ya vijana wanne. Kinachomkosesha usingizi usiku wa kuamkia kliniki ni wale vijana, watakuja au hawatakuja. Waambie siku mbili kabla, kwa majina, na jioni ya mwisho wapigie tena. Tumia kiti cha plastiki chenye mikono kisicho na ufa miguuni, mfunge mgonjwa kiunoni na kifuani kwa kanga mbili, mshuke miguu yake ikitangulia na kiti kikiwa kimeegemezwa nyuma kidogo. Wanne washike, wa tano atangulie mikono mitupu akitazama jiwe linalotikisika. Bajaji ingoje barabarani ikiwa imeshaitwa. Mvua ikiwa imenyesha usiku, mawe yanateleza, ongezeni nusu saa.

Kwenye mfuko wa kliniki kuwe na daftari lenye maswali yasiyozidi matatu. Ukiingia na maswali kumi kichwani utatoka na majibu mawili na hasira. Na siku hiyohiyo, mgonjwa anapopimwa presha, wewe nawe nyoosha mkono upimwe. Watu wanaouguza hupuuza miili yao kwa namna ya ajabu. Ikifika 140 kwa 90 au zaidi, rudi upimwe siku nyingine, usingoje kichwa kigonge.

Wanaotoka ng'ambo ya ziwa wana hesabu zao. Tangu Juni 2025, lilipofunguliwa Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, ndugu wa Sengerema na Geita hawalali tena na wazo la kivuko kilichosimama na mgonjwa ndani ya gari. Wa kisiwa cha Ukerewe bado wanaitazama saa ya chombo. Anayekuja kumuuguza mtu hospitali ya Bugando kutoka visiwani aje na nguo za siku saba hata kama wamesema siku mbili, ndoo yenye mfuniko, shuka nzito, chaja, na namba za simu zilizoandikwa kwenye karatasi. Na kabla ya kitu kingine chochote aulize ilipo ofisi ya ustawi wa jamii. Kuna utaratibu wa msamaha kwa wasio na uwezo, wakiwemo wazee wa miaka 60 na kuendelea, lakini unahitaji barua za mtaa au kijiji na mahojiano. Watu huikumbuka ofisi hiyo siku ya kuruhusiwa, bili ikiwa imeshapanda, na mwenye kutafuta barua yuko ng'ambo ya maji.

Ndugu, pesa na daftari

Hapa ndipo familia zinapovunjika, kwa hiyo tukae kidogo.

Karibu kila nyumba mambo huanza hivi: mgonjwa anaanguka, ndugu wote wanakusanyika, kila mmoja anasema "tutasaidiana". Wiki ya tatu wamebaki wawili. Mwezi wa tatu amebaki mmoja, mara nyingi binti asiyeolewa, au aliyeachika, au mke wa mtoto wa mwisho, na sababu wanayoitoa ni kwamba "yeye yupo tu nyumbani". Kumbe alikuwa na meza ya dagaa soko la Mwaloni pale Kirumba, na meza ile imefungwa. Kaka anayetuma shilingi elfu hamsini anasifiwa kwenye kundi la WhatsApp. Anayefua mashuka mara mbili kwa siku hatajwi, na akidiriki kununua vocha kwa pesa ya mgonjwa anaulizwa matumizi.

Kaeni kikao, saa moja, Jumapili alasiri, simu ziwekwe sauti wazi kwa walio mbali. Mgonjwa mwenye akili timamu ahudhurie. Ni maisha yake. Msiruhusu kikao kiishe kwa "mwenye nafasi asaidie", kwa sababu mwenye nafasi hana jina. Kiishe kwa majina: nani analala usiku upi, nani anakwenda kliniki, nani analipa nini na tarehe ngapi, nani anampokea anayeuguza siku nzima moja kila wiki. Hiyo siku moja isijadiliwe kama fadhila.

Pesa ihesabiwe kwa vitu. Mgonjwa anayetumia nepi nne kwa siku anahitaji 120 kwa mwezi. Pakiti zikiwa za kumi-kumi, hizo ni pakiti 12. Boksi la glovu lenye vipande 100 ni jozi 50, halifiki mwezi kama mnavaa mara mbili kwa siku. Ongeza sabuni, mafuta ya mgando ya kukinga ngozi, nauli ya bajaji kwenda na kurudi, posho ya vijana wa kushusha kiti, dawa ambazo hazipo dirishani. Pigieni bei ya duka la karibu, mpate jumla moja, kisha gawaneni. Ndugu akiambiwa "nepi ni zako, pakiti 12, kila tarehe 2" hutekeleza kuliko akiambiwa "tuma chochote". Mkishindwa nepi, vitambaa vya kanga chakavu juu ya plastiki vinafaa, ila vibadilishwe mara tu vinapolowa, maana mkojo unalainisha ngozi na kidonda kinafuata.

Daftari liwe na safu tano: tarehe, kilichoingia, kutoka kwa nani, kilichotoka, kimenunua nini. Lipigwe picha na kutumwa kwenye kundi kila Jumapili. Halafu ongezeni safu ya sita ambayo familia nyingi hazina: saa. Saa alizokaa mtu na mgonjwa ziandikwe kama mchango. Yule mwenye meza ya dagaa akionekana kwenye karatasi kwamba wiki hii ametoa saa mia na kitu, ubishi wa nani anajali zaidi huwa mfupi.

Na wewe unayeuguza, jifunze kuomba kwa kipimo. "Mnanitelekeza" ni kweli lakini haimpi mtu kazi. "Shangazi, naomba uje Jumanne saa tatu asubuhi hadi saa saba, nataka kwenda sokoni na kulala kidogo" inajibiwa ndiyo au hapana. Ikijibiwa hapana, mwulize wa pili. Wengi wanaokataa hawana roho mbaya. Wanaogopa kumgusa mgonjwa kwa kutojua. Waonyeshe mara moja namna ya kumgeuza na kumlisha, na karatasi ya ukutani wanaiona.

Wageni

Kwetu kumtazama mgonjwa ni wajibu, na mtu asiyekuja atasemwa hadi msibani. Lakini mgeni anayefika saa sita mchana na watu wanne hupikiwa, na anayepika ni yuleyule aliyekesha. Hakuna ubaya kutangaza saa za kuja, tuseme saa kumi hadi saa kumi na moja na nusu jioni, na kusema wazi kwamba chai haipo. Mgeni akiuliza "niwasaidie nini," mpe kazi palepale: ndoo mbili za maji, kukamua shuka, kumsomea baba gazeti kwa dakika ishirini. Wengi watafurahi, kwani kukaa mikono mitupu mbele ya mgonjwa ni kazi ngumu kwao pia.

Mgeni naye achunge ulimi. "Mungu hakupi mzigo usioweza kuubeba" inamfunga anayeuguza mdomo; akilalamika ataonekana hana imani. "Fulani alikuwa hivihivi, hakumaliza mwezi" haistahili hata maelezo. Mazungumzo ya nani kamroga nani yasifanyike chumbani hata kama mgonjwa amefumba macho, kwa kuwa asiyeweza kusema mara nyingi anasikia, na mara nyingi anayetajwa mchawi ni bibi wa jirani au huyohuyo mkwe anayemwogesha. Ukitaka kusema neno, sema: "Jana ulilala saa ngapi?" Au: "Nibakie mimi, nenda ukaoge kwa raha." Kisha nyamaza usikilize. Dakika kumi za kusikilizwa bila ushauri zina kazi kubwa kuliko mahubiri.

Yanayosemwa kwa kunong'ona

Kuna mawazo ambayo anayeuguza hamwambii mtu. Moja ni hasira kwa mgonjwa mwenyewe: anatema chakula, anakojoa dakika tano baada ya kubadilishwa, anamwita dada yake aliye mbali kuwa ndiye mtoto mwema. Lingine ni lile la "afadhali apumzike". Likija, mtu hujiona muuaji. Mawazo haya huwapata watu wengi wanaowapenda sana wagonjwa wao. Yanatokana na uchovu na kuona mateso yasiyo na tarehe ya mwisho. Kuyasema kwa mtu mmoja unayemwamini hakumuui mgonjwa.

Inasaidia pia kujua kipi ni ugonjwa. Baada ya kiharusi mtu anaweza kulia au kucheka ghafla bila sababu. Ubongo umeumia, hukumkosea. Takriban mmoja kati ya watatu waliopata kiharusi hupata sonona, ugonjwa wa huzuni nzito, na sonona yake huonekana kama ukaidi: hataki mazoezi, hataki kula, hataki kuongea. Inatibika, mtajieni daktari.

Hasira ikipanda, hakikisha mgonjwa yuko salama ubavuni, toka nje dakika kumi. Vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe kwa hesabu ya sita, kwa dakika tano. Pumzi inayotoka ndefu kuliko inayoingia hupunguza mwendo wa moyo. Ukijikuta umempiga, umemfunga, au umemnyima chakula makusudi, mwite mtu siku hiyohiyo ashike zamu. Usisubiri kikao.

Kwa yale maswali yanayozunguka kichwani, yapangie saa. Dakika ishirini, saa kumi jioni kwa mfano, mbali na kitanda, na kalamu. Andika yote, kisha chagua moja tu. Huko Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 utaratibu wa bibi waliopewa mafunzo kukaa na watu kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasaidia kufanya hivi hasa. Kuwaza kupita kiasi Washona wanaita kufungisisa, neno ambalo kila anayeuguza angelielewa bila kamusi. Utafiti uliofanyika katika kliniki 24 za Harare na kuchapishwa 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita, waliopitia benchi walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Zanzibar nayo imeuchukua utaratibu huo. Hatua zake hazina siri: taja shida zote, chagua moja, orodhesha njia za kuitatua hata zile za kijinga, chagua njia moja, sema utaifanya lini, na nani, kwa kitu gani, kisha rudi useme ilikwendaje. Bibi hatoi jawabu. Anauliza.

Watu watano hadi wanane wanaouguza mtaa mmoja wanaweza kufanya hivyo wenyewe, mara moja kila wiki mbili, saa moja, pembeni ya jumuiya au kikoba walichonacho tayari. Masharti machache yanatosha: hakuna kupeana dawa, hakuna kushindanisha wagonjwa, la humu halitoki. Kinachoviua vikundi hivi ni mmoja kugeuka mhubiri, au mkutano kuwa mchango wa pesa kila mara. Mkutano wa kusikilizana na mkutano wa michango iwe na siku tofauti.

Ikizidi uchovu

Kipimo rahisi: mgonjwa amelala, zamu si yako, nyumba kimya, na usingizi bado hauji. Huo si uchovu wa kawaida. Huzuni ya karibu kila siku kwa wiki mbili, au kutofurahia chochote, hata nyimbo za kwaya ulizozipenda, ni sababu ya kwenda kituo cha afya na kusema wazi "nauguza, na mimi siko sawa". Bugando wana idara ya afya ya akili, na kituo kinaweza kukuandikia rufaa. Dawa za sonona zikiandikwa huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, kwa hiyo usiziache siku ya nne. Vidonge vya usingizi vya kununua bila cheti viache dukani. Vitakulaza, na mgonjwa atakuita usisikie. Pombe vilevile.

Anayesema anataka kufa asiachwe peke yake hata dakika tano. Ondoeni dawa za shamba na dawa za mgonjwa mahali anapofika, na apelekwe hospitali siku hiyo.

Baada ya mazishi

Matanga yakianuliwa, watu huondoka pamoja na turubai. Aliyeuguza hubaki na kitanda. Saa nane usiku atashtuka, ataketi, atanyoosha mkono kutafuta kanga ya kumgeuzia mtu asiyekuwepo. Hilo huendelea wiki kadhaa kabla mwili haujasahau zamu. Ndugu mmoja apangiwe kulala nyumba hiyo kwa wiki mbili za mwanzo, jina lake liandikwe kwenye daftari lilelile. Dawa zilizobaki zirudishwe hospitali, hasa mofini ya maji, ile dawa kali ya maumivu, zisigawiwe majirani. Nepi ambazo hazijafunguliwa na kile kiti cha kushukia mlima zina mtu anayezihitaji nyumba ya tatu. Karatasi ya ukutani aitoe mwenyewe, siku atakayotaka.